Mkono wa Pedali Unaolegea Kila Mara: Jinsi ya Kulitambua Kosa na Kulitengeneza

Mtu apelekaye maziwa kwa baiskeli huijua saa kuliko mwenye saa ya mkononi. Maziwa yaliyokamwa alfajiri hayana budi kufika kituoni kabla jua halijapanda. Yakichelewa, huenda yakakataliwa, na kazi ya siku nzima ikamwagwa nyuma ya nyumba. Basi na afikiriwe mtu wa namna hiyo katika nyanda za juu za Kenya. Amefunga madebe mawili ya lita 20 nyuma ya baiskeli yake, yaani mzigo wa kilo 40 na zaidi, naye anaanza kupanda kilima. Kila akanyagapo kwa mguu wa kushoto asikia mlio, "tak", na pedali yashuka kidogo kabla ya kushika. Juzi alikwenda kwa fundi, nati ikakazwa. Juma lililopita vivyo hivyo. Leo nati bado imekaza kabisa, na mlio umerudi.

Taabu hii huwapata wengi: wachukuzi wa maji na makaa, wauza mikate, walimu wa shule za mbali, na waendeshaji wa boda-boda za baiskeli katika nchi tambarare za Kisumu, Bungoma na Busia. Wengi wao hutoa fedha mara kwa mara kwa kazi isiyodumu hata siku tatu. Sababu si kwamba kosa lenyewe ni gumu. Sababu ni kwamba hutafutwa mahali pasipo pake.

Kwanza yafaa kuvijua viungo vinavyohusika. Mkono wa pedali, ambao mafundi wengi huuita krenki, ni kile kipande cha chuma kinachoishika pedali upande mmoja na ekseli upande wa pili. Ekseli hupita katika bomba la chini la fremu, nayo huzunguka juu ya gololi zilizomo ndani ya vikombe viwili. Katika baiskeli zile nyeusi nzito, ambazo hapa Kenya huitwa Black Mamba, mkono hushikwa na ekseli kwa kipande kidogo cha chuma kiitwacho kotapini. Kipande hiki ni cha mviringo kama msumari mnene. Ubavu mmoja umechongwa bapa kwa mteremko, na ncha yake nyembamba ina hesi za nati. Ekseli nayo imekatwa bapa mahali kotapini inapopita. Bapa hukutana na bapa, na hapo ndipo mkono unaposhikwa.

Kwa maneno mengine, kotapini ni kabari. Mtu aliyewahi kutia mpini katika jembe au kupasua gogo ajua kabari ifanyavyo kazi: huingizwa kwa kupigwa, nayo hushika kwa kubanwa. Hapana aliyepata kuona kabari ikivutwa mahali pake kwa nati. Na hili ndilo kosa kubwa la kwanza. Ile nati ndogo iliyo kwenye ncha ya kotapini haikuwekwa ili iivute kotapini ndani. Imewekwa ili kotapini isidondoke tu. Fundi anayeikaza nati kwa spana ndefu, akidhani kwamba anaukaza mkono, hufanya moja la mambo mawili. Ama huziharibu hesi, ambazo ni nyembamba sana, au nati hufika mwisho wa hesi na kugandama hapo, ikaonekana imekaza sana huku kabari ikicheza ndani. Mpeleka maziwa wetu alikuwa na nati iliyokaza na kabari iliyolegea.

Mtu aweza kuuliza, je, kipande kidogo hivi chapata wapi mateso mengi? Jibu liko katika hesabu. Urefu wa mkono wa pedali ni karibu sentimita 17. Unene wa ekseli ni karibu milimita 16, maana yake kutoka kati hadi ukingoni ni milimita 8 tu. Basi nguvu ya mguu huongezeka zaidi ya mara 20 ifikapo ukingoni mwa ekseli. Mtu wa kilo 60 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedali, kabari ile hubeba nguvu inayolingana na uzito wa kilo 1,200 na zaidi. Kama azungusha mara 50 kwa dakika, nguvu hiyo hurudia mara 3,000 kwa saa moja, na kila mara baada ya kukandamiza huachia. Kabari iliyokaa sawasawa huvumilia hayo miaka mingi. Lakini ikiwepo nafasi ndogo, hata iliyo nyembamba kama karatasi, chuma hakibanwi tena bali chagongwa, na kugongwa mara 3,000 kwa saa ni kama kuwekwa chini ya nyundo ya mhunzi.

Sasa ni juu ya kutambua upande wenye kosa, na hapa ndipo hata mafundi wazuri hudanganyika. Msomaji na atazame gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Gurudumu hilo limeshikamana na mkono wa kulia. Kwa hiyo nguvu ya mguu wa kulia hutoka kwenye mkono wa kulia na kwenda moja kwa moja kwenye mnyororo, bila ya kuipitia kotapini yo yote. Mguu wa kushoto hauna njia fupi namna hiyo. Nguvu yake hupita kotapini ya kushoto, ikaifuata ekseli mpaka upande wa pili, ikapita kotapini ya kulia, ndipo ikafika kwenye gurudumu la meno. Kotapini zote mbili, basi, ni watumishi wa mguu wa kushoto! Ikilegea ya kushoto, mshtuko husikika mguu wa kushoto. Ikilegea ya kulia, mshtuko husikika mguu wa kushoto vilevile. Ndiyo maana mtu hubadilisha kotapini ya kushoto mara tatu, na kumlaumu mwenye duka kwa kuuza vyuma vibaya, hali kosa limekaa kimya upande wa kulia.

Mguu haufai kuwa shahidi; yafaa kutumia macho na vidole. Baiskeli isimamishwe, mtu mmoja aushike kwa nguvu mkono wa kulia usitikisike, na mwingine autikise ule wa kushoto mbele na nyuma. Kidole kiwekwe mahali mkono wa kushoto unapokutana na ncha ya ekseli, kiguse vyote viwili. Ikiwa mkono wasogea na ncha ya ekseli imetulia, kotapini ya kushoto ndiyo iliyolegea. Ikiwa mkono na ekseli vyaenda pamoja, kidole kihamishiwe upande wa kulia, na huko ndiko mchezo utakakoonekana. Asiye na msaidizi aweza kukwaruza mstari mmoja kwa ncha ya msumari, uanzie juu ya ekseli na kuendelea juu ya mkono, pande zote mbili. Kisha apande kilima kimoja na kurudi. Mstari uliokatika, vipande vyake visilingane tena, utamwonyesha upande wenye kosa.

Yako makosa mengine yafananayo na hili, nayo yasichanganywe. Mikono yote miwili ikitikisika pamoja kwenda kushoto na kulia, kotapini haina hatia; vikombe vya gololi ndivyo vilivyolegea au kulika, na kikombe cha kushoto chapaswa kukazwa pamoja na pete yake. Mlio ukitoka kwenye pedali yenyewe, itazamwe kama imekaza katika mkono, na hapo ikumbukwe kwamba pedali ya kushoto ina hesi za kinyume: hukazwa kwa kuzungushwa upande ambao nati za kawaida hufunguliwa. Vijana wengi wameharibu mkono mzima kwa kutolijua jambo hili moja.

Baada ya kuujua upande, kotapini ya zamani na itolewe. Itiwe mafuta pande zote mbili na kuachwa usiku mmoja. Nati ifunguliwe mpaka uso wake ulingane na ncha ya kotapini, isiondolewe kabisa, maana ndiyo itakayozilinda hesi zisipondeke. Halafu mkono utiwe mhimili chini yake, na neno hili halina budi kusisitizwa kuliko yote yaliyomo katika somo hili. Kitafutwe kipande cha bomba la chuma, au gogo la mti mgumu lililotobolewa juu, chenye urefu wa kutoka ardhini hadi chini ya mkono, kisimamishwe wima ili mkono ukae juu yake na kichwa cha kotapini kiingie katika tundu. Pigo la nyundo litashuka ardhini moja kwa moja. Fundi apigaye bila ya mhimili huzipiga gololi. Pigo hupita katika ekseli, likazigandamiza gololi katika vikombe, zikachimba vishimo vidogo. Na baada ya juma moja mwenye baiskeli hurudi na kosa jipya ambalo hajui lilitoka wapi.

Nyundo iwe nzito, na pigo liwe moja lililonyoka. Mapigo kumi ya nyundo ndogo hupinda ncha ya kotapini na kuitanua, isitoke tena ila kwa kutobolewa. Ni kazi ya pigo moja la mtu aliyetulia.

Ikiisha kutoka, kotapini isitupwe kabla ya kusomwa. Ubapa wake ni kama barua. Kama una alama ing'aayo iliyoenea sawasawa, ilikuwa imekaa vema na kosa lake ni kutopigwa vya kutosha. Kama alama iko kwenye ukingo mmoja tu, bapa mbili hazikuwa zikikutana, na kotapini ilikuwa ikibeba mzigo wote kwa ukingo huo. Kama kuna kijidaraja kilichochimbwa katikati, chuma kilikuwa laini mno. Kotapini laini huuzwa kila mahali. Hujulikana kwa kupitishwa tupa, kwani tupa huzama ndani yake kama kisu katika muhogo uliopikwa. Iliyo nzuri huipinga tupa.

Wakati wa kununua nyingine, itazamwe kipenyo. Baiskeli zenye mtindo wa Kiingereza hutumia kotapini ya milimita 9.5. Ziko na nyingine za milimita 9, na tofauti hiyo ya nusu milimita haionekani kwa macho, wala mwenye duka hataitaja. Kotapini ya milimita 9 ndani ya tundu la milimita 9.5 haitashika hata ipigwe kwa nyundo ya mhunzi. Njia iliyo bora ni kwenda dukani na baiskeli yenyewe, na kuijaribu kotapini katika tundu kabla ya kutoa fedha: yapasa iingie kwa nguvu ya kidole gumba, wala isicheze huku na huku.

Kotapini mpya kwa kawaida haikai sawasawa kama ilivyotoka dukani. Yahitaji kupigwa tupa kidogo, na kazi hii ndiyo imtenganishayo fundi na mtu aliye na nyundo tu. Ubapa upakwe masizi ya taa ya mafuta, kotapini iingizwe na kugongwa kidogo, kisha itolewe. Mahali masizi yalipofutika ndipo palipogusa. Hapo papigwe tupa, polepole, tupa ikilala kwa usawa wa ubapa wala isibembee, maana tupa ibembeayo huuacha ubapa ukiwa mviringo kama mgongo wa kobe. Yapakwe masizi tena, ijaribiwe tena. Masizi yakifutika sehemu kubwa ya ubapa, kazi imekwisha. Mtu asiondoe chuma zaidi ya inavyolazimu, kwani kotapini iliyokwanguliwa mno itazama mpaka nati ikose pa kushika, au nati ifike mwisho wa hesi kabla ya kabari kubana, na hapo udanganyifu ule wa kwanza utakuwa umerudi.

Kama kotapini zote mbili zatolewa, ziangaliwe zisirudishwe kwa upande mmoja. Kanuni yake ni rahisi. Mkono wa kulia ukiwa umeelekea mbele, itazamwe nati yake yaelekea juu au chini. Kisha mkono wa kushoto uletwe mbele. Nati yake yapaswa kuelekea vilevile. Ikiwa mmoja umegeuzwa, mikono miwili haitanyoka mstari mmoja, na mpandaji atahisi kana kwamba anachechemea. Kuchechemea huko hutokea pia, kwa kiasi kidogo, ikiwa kotapini moja imepigwa tupa kuliko mwenzake.

Basi kotapini iingizwe, mhimili usimamishwe tena chini ya mkono, safari hii ukiwa upande wa kutokea, huku tundu la mhimili likiipa ncha nafasi ya kushuka. Kipigwe kichwa cha kotapini kwa nyundo nzito, mapigo mawili au matatu. Sikio litasaidia: mlio wa kwanza huwa mzito, na kabari ikishabana mlio hubadilika ukawa mkali. Ndipo itiwe washa na nati, ikazwe kwa spana fupi, kiasi cha kushika tu.

Kazi haijaisha. Kabari yo yote mpya hukaa vizuri zaidi baada ya kubebeshwa mzigo, na nafasi ndogo hubaki nyuma yake. Baada ya kilomita 10 au 20 mhimili na uwekwe tena, kotapini ipigwe, na nati, ambayo itakuwa imelegea, ifuatishwe. Ifanyike hivyo tena mwisho wa juma la kwanza. Wengi huliacha jambo hili kwa kuwa baiskeli yaonekana kuwa nzima. Kumbe siku hizo chache ndizo ziamuazo kama kotapini itadumu miaka au majuma.

Ikiwa haya yote yametendwa na mkono ukalegea tena, itazamwe ekseli. Ubapa wake ukiwa umelika na kuwa mviringo, hakuna kotapini itakayoshika, na ekseli haina budi kubadilishwa. Tundu la mkono likiwa limetanuka na kuwa kama yai, mkono nao haufai. Yako mafundi wanaozungushia kotapini kipande cha bati la kopo. Hila hii yaweza kumfikisha mtu nyumbani usiku, nayo isidharauliwe kwa kazi hiyo. Lakini bati hupondeka baada ya siku chache, na nafasi iliyoachwa huzidi kulila tundu. Msumari uliokatwa na kutiwa mahali pa kotapini ni mbaya zaidi, kwani hauna ubapa, nao hukatika ghafula. Mtu aliyesimama juu ya pedali akipanda kilima, mkono ukimkatikia chini ya mguu, huanguka upande wa barabara ambako magari yapita. Hapo madebe ya maziwa ndiyo hasara ndogo.

Zimebaki baiskeli za namna nyingine, zile za gia nyingi na magurudumu mapana, ambazo nyingi hazina kotapini kabisa. Ncha ya ekseli yake ni ya pembe nne na hupungua unene kuelekea nje, na mkono una tundu la pembe nne linalosukumwa juu yake kwa boliti. Hapa boliti ndiyo ifanyayo kazi ya kusukuma, kwa hiyo kuikaza ni sawa, tena kwa nguvu: spana yenye mpini wa sentimita 20 yavutwa kwa nguvu kama ya kuinua kilo 18 au 20. Boliti nyingi za namna hii hutaka spana ya bomba ya milimita 14.

Lakini mikono hii kwa kawaida ni ya alumini, na ekseli ni ya chuma cha pua au chuma kigumu, na katika mgongano wa hivi viwili alumini ndiyo ishindwayo. Mtu akiendesha kilomita chache tu mkono ukiwa umelegea, zile pembe nne za tundu huviringika, wala hakuna kukaza kutakakozirudisha. Dalili yake ni hii: boliti yakazwa leo kwa nguvu zote, na kesho mkono wacheza. Dalili nyingine yafanana na udanganyifu wa nati ya kotapini: mkono umesogea ndani mno juu ya ekseli, hata boliti yakaza juu ya ncha ya ekseli badala ya kuubana mkono. Mkono wa namna hiyo wabadilishwa. Kuutoa kwahitaji chombo maalumu kiingiacho katika hesi pana za mkono, zenye kipenyo cha milimita 22, ambacho husukuma ekseli na kuuvuta mkono utoke. Mwenye kuupiga nyundo kwa nyuma huziharibu gololi, na pengine akaupinda mkono usitoke tena.

Kwa hiyo mwenye baiskeli ya namna hii asikiapo "tak" ya kwanza, na ashuke hapo hapo, aisukume kwa miguu mpaka kwa mwenye spana. Mwenye kotapini, yeye aweza kuendelea polepole akiwa ameketi, bila ya kusimama juu ya pedali, mpaka afikishe maziwa yake. Kisha kabla ya jioni atafute bomba la chuma la kusimamishia mkono, nyundo nzito na mtu wa kumshikia baiskeli.